Nani Aliyeingia kwa Nani? Mahakama na Kosa la Kuingia Ardhi ya Mtu Bila Idhini

(Hotuba ya wakili mmoja mbele ya waumini na watetezi wa haki)



Barua yenu ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya ardhi na haki, na hilo ni pori ambalo mtu aweza kuliingia asubuhi asitoke hadi usiku wa manane. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nizungumze juu ya kosa moja tu, dogo sana katika vitabu vya sheria, ambalo hata wanafunzi wa sheria hulipita mbio wakikimbilia mauaji na uhaini. Ni kosa la kuingia ardhi ya mtu bila idhini.

Nimelichagua kwa sababu ya mama mmoja, mjane aliyekwisha kupita miaka 60. Sitalitaja jina lake wala kijiji chake. Shamba alilolilima tangu siku ya kuolewa lilikuwa limeuzwa na shemeji yake pasipo yeye kuambiwa, na mnunuzi alikuwa na hati mkononi. Mvua za kwanza ziliponyesha, mama alikwenda kupanda mahindi kama alivyofanya kila mwaka. Alikamatwa kondeni, jembe likachukuliwa kuwa kielelezo, na asubuhi yake akasimamishwa kizimbani. Karani alimsomea shtaka kwa Kiingereza, kisha akamfasiria kwa maneno machache: "Uliingia shamba la fulani. Ni kweli au si kweli?" Mama akajibu, "Ni kweli niliingia. Ningelima wapi kwingine?" Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekiri kosa. Faini, shilingi 500. Watoto wake wakachanga, wakalipa, wakarudi naye nyumbani wakimshukuru Mungu kwamba mambo yamekwisha.

Mambo hayakuwa yamekwisha, nami nitarudi kwake.

Sheria yenyewe ni Sura ya 294 ya Sheria za Kenya. Ilitungwa katika siku za mwisho za ukoloni, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea. Kifungu cha 3 chasema hivi, kwa maneno yangu: mtu yeyote ambaye, pasipo udhuru wa kuridhisha, anaingia katika ardhi ya kibinafsi, au yumo, au anabaki humo, au anajenga kitu juu yake, au anailima, au analisha mifugo humo, bila idhini ya mwenye kuikalia, ana hatia. Adhabu iliyowekwa na kifungu cha 11 ni faini isiyozidi shilingi 500, au kifungo kisichozidi miezi 2, au yote mawili. Mwaona basi kwa nini watu hulidharau. Faini hiyo haifiki hata bei ya mbuzi.

Lakini tazameni sheria hii ilitoka wapi. Kwao Waingereza, kwa karne nyingi, mtu kukanyaga shamba la jirani hakukuwa jinai. Mwenye shamba alikuwa na njia ya kudai fidia, basi. Vibao vya kutishia kwamba waingiao watashtakiwa vilikuwa vya uongo, na mawakili wao walivicheka. Hata kukaa katika nyumba ya mtu bila ruhusa hawakukufanya kuwa jinai hadi sheria yao ya mwaka 2012. Huku kwetu hawakungoja. Walipokwisha kuwapa walowezi nyanda za juu, walihitaji njia ya haraka ya kumwondoa Mwafrika aliyekutwa juu ya ardhi hiyo. Sheria ya vibarua wakaazi ya mwaka 1937 ilimfanya mtu aliyezaliwa shambani kuwa mgeni mwenye ruhusa ya kazi tu. Kazi ikiisha, ruhusa imeisha. Naitaja historia hii kwa sababu mahakama zinapoisoma sheria leo, zinasoma maandishi yaliyoandikwa kwa ajili ya mwenye shamba, na hakimu asiyekumbuka hilo huona jambo jepesi: huyu ana hati, huyu hana, umekwisha.

Jirani zetu Watanzania wana kosa linalofanana na letu kwa jina, lakini si kwa mwili. Kanuni yao ya Adhabu, kama ile ya Wahindi ambayo ilitumika hata hapa kwetu hadi mwaka 1930, yataka mwingiaji awe na nia mbaya: nia ya kutenda kosa, au kumtisha, kumtukana au kumuudhi yule anayeishika ardhi. Mahakama ya Juu ya India, katika uamuzi mmoja, ilikwenda mbali zaidi. Watu fulani waliingia shambani wakiwa na amri ya kukabidhiwa ardhi ambayo tarehe yake ilikuwa imepita. Majaji wakasema haitoshi kuonyesha kwamba mwenye shamba alikuwa hana budi kuudhika. Ni lazima ionekane kwamba kuudhi ndiko kulikuwa shabaha ya kuingia. Mtu aliyeingia kutafuta haki yake, hata kama alikosea, hakuingia ili audhi.

Kifungu chetu cha 3 hakina neno nia. Kinatazama miguu, hakitazami moyo. Na kuongeza uzito, kifungu kidogo cha 2 chasema kwamba ni juu ya mshtakiwa kuthibitisha kuwa alikuwa na udhuru wa kuridhisha au idhini. Kila mtu hapa amefundishwa kwamba mshtakiwa hana la kuthibitisha, na hivyo ndivyo ilivyo katika makosa karibu yote. Hapa mzigo umehamishwa. Katiba ya zamani iliruhusu jambo hilo waziwazi. Katiba ya 2010, katika ibara ya 50, yasema mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, wala haikurudia ruhusa ile ya zamani. Kwa maoni yangu hapo pana hoja ambayo mawakili vijana wanapaswa kuitumia zaidi.

Hata hivyo msidhani kwamba upande wa mashtaka hauna kazi. Kabla mshtakiwa hajaulizwa udhuru wake, kiongozi wa mashtaka lazima athibitishe, pasipo shaka, kwamba ardhi ni ya kibinafsi, kwamba mlalamishi ndiye mwenye kuikalia kihalali, kwamba mshtakiwa aliingia au alikuwamo, na kwamba mahali alipokutwa ni hapo hasa palipotajwa katika hati ya mashtaka. Hili la mwisho huwaangusha wengi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, yazuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla msajili hajaamua mpaka uko wapi. Ikiwa majirani wawili wanagombea futi kumi za ua, na hakuna mpima aliyefika, hakimu atajuaje ni nani aliyeingia kwa nani? Nimekwisha kuona kesi ya jinai ikianguka kwa swali moja aliloulizwa shahidi wa kwanza: "Jiwe la mpaka liko wapi?" Hakujua.

Na kwa mzigo ule uliohamishwa, mizani si ileile. Serikali yatakiwa kuondoa shaka yote ya maana. Mshtakiwa hutakiwa tu kuonyesha kwamba udhuru wake waelekea kuwa kweli kuliko kutokuwa. Mahakimu wengine husahau tofauti hii, na kusahau kwao ni sababu nzuri ya rufaa.

Sasa nafika kwenye kiini. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ina kifungu cha 8 ambacho ningependa kila mmoja wenu akijue kama ajuavyo Baba Yetu. Kinasema kwamba mtu hana hatia ya kosa linalohusu mali ikiwa alitenda kwa kudai haki yake kwa uaminifu na bila nia ya kulaghai. Zingatieni neno uaminifu. Sheria haikusema dai liwe sahihi. Mtu aweza kushindwa kabisa katika kesi ya ardhi, hati ikaonekana ni ya mwenzake, na bado akawa hana hatia ya jinai kwa sababu siku ile alipoingia aliamini kwa dhati kwamba aingia kwake. Mjane aliyelima konde lilelile kwa miaka 30 ana dai la namna hii. Mtoto aliyezikwa babu yake pale analo. Mnunuzi aliyelipa fedha, akaandikiana mbele ya mashahidi, lakini bado hajapewa hati, analo.

Asiye nalo ni nani? Ni yule aliyeshindwa mahakamani, hakukata rufaa, akaondolewa kwa amri ya korti, kisha usiku akarudi na mabati. Hapo mahakama haitamsikiliza, nami sitamdanganya mtu kwamba itamsikiliza. Pia yuko hatarini kwa kifungu cha 91 cha Kanuni hiyohiyo, kinachomhukumu mtu anayeishikilia ardhi bila hata sura ya haki, na kwa namna iwezayo kuvunja amani, dhidi ya mwenye haki nayo. Nasema haya kwa sababu katika mikutano yetu mara nyingine twapigiana makofi tukisahau kwamba anayekwenda rumande si msemaji bali msikilizaji.

Watauliza wengine: je, kama kesi ya madai juu ya shamba hilo iko mahakamani, polisi waweza kunishtaki kwa jinai? Nchini Tanzania jibu limekuwa wazi tangu zamani. Uamuzi nambari 158 katika mkusanyiko wa Mahakama Kuu yao wa mwaka 1968 ulisema kwamba panapozuka ubishi juu ya nani mwenye ardhi, korti ya jinai isiendelee, bali mlalamishi ashauriwe kufungua kesi ya madai kwanza. Maamuzi ya 1991 na 1992 yaliifuata njia hiyohiyo. Hekima yake ni dhahiri, maana huwezi kumhukumu mtu kwa kuingia shamba la mwingine wakati bado haijulikani shamba ni la nani.

Kwetu Bunge liliziba njia hiyo. Kifungu cha 193A cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai chasema kwamba kuwapo kwa kesi ya madai juu ya jambo lilelile si sababu ya kusimamisha kesi ya jinai. Basi mwenye nguvu aweza kuziendesha zote mbili kwa pamoja. Ile ya madai anaiacha itambae miaka, na ile ya jinai anaiendesha mbio ili akuchoshe. Dawa iliyobaki ni kuiendea Mahakama Kuu na kuonyesha kwamba jinai inatumiwa kama fimbo ya kukulazimisha uache shamba. Katiba, ibara ya 157, yamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma azuie matumizi mabaya ya utaratibu wa sheria, na Mahakama Kuu imekwisha kuzuia mashtaka ya namna hiyo mara kadhaa. Lakini si kwa kulia tu. Lete hati ya kesi ya madai, lete tarehe, onyesha nani alitangulia kwenda wapi. Mlalamishi aliyekimbilia polisi wiki moja baada ya kupewa samansi ya kesi ya ardhi amejieleza mwenyewe.

Na vipi kuhusu ardhi ya umma iliyogeuzwa kuwa ya mtu? Wengi wenu mlikuja hapa kwa ajili ya swali hilo. Profesa Wangari Maathai na wenzake walipokwenda msitu wa Karura tarehe 8 Januari 1999 kupanda miti, walinzi waliwashambulia na yeye akapasuliwa kichwa. Mnamo Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, jijini Nairobi, walirushiwa gesi ya kutoa machozi walipokuwa wakidai uwanja wao wa michezo uliozungushiwa ukuta. Kila mara anayetajwa kuwa mwingiaji ni yule mwenye mche au mwenye sare ya shule. Nikikumbuka pia jinsi askari walivyoingia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote tarehe 7 Julai 1997, wakawapiga watu ndani ya nyumba ya ibada, naona kwamba maneno "kuingia bila idhini" yaliwafaa zaidi wao siku ile kuliko washtakiwa wengi niliowatetea.

Mahakama zimechukua muda mrefu kufika, lakini zimefika mahali pazuri. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba mzizi wa hati ukitiliwa shaka, mwenye hati haponi kwa kuipeperusha tu. Ni lazima aonyeshe ilivyopatikana. Kisha ikaja kesi ya Nyali, Mombasa. Kiwanja kilichokuwa nafasi wazi ya wananchi kupita kwenda ufuoni kiligawiwa mwaka 1989 kwa Rais wa wakati ule, Daniel arap Moi, kikauzwa, kikapita mkono hadi mkono, mpaka kikafika kwa kampuni iliyojenga ukuta. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ikaubomoa ukuta huo na kampuni ikaenda kortini ikilia kwamba imeingiliwa. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ugavi wa kwanza haukufuata sheria, na kwa hiyo hata mnunuzi wa baadaye hakupata haki ya kulindwa. Ibara ya 40 ya Katiba hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Maana yake kwa mshtakiwa wa kosa letu dogo ni kubwa. Akiulizwa udhuru wake, aweza kujibu kwamba hapa si ardhi ya kibinafsi, na aombe faili la mgao lililetwe. Lakini nionye jambo moja. Ibara ya 37 inatupa haki ya kukutana, kuandamana na kupeleka malalamiko yetu kwa amani. Haitupi haki ya kuruka ua la mtu. Mkiamua kwenda kusali katika uwanja ulionyakuliwa, nendeni mkiwa na nakala ya ramani na barua za malalamiko mlizokwisha kuandika, ili ibada yenu iwe na ushahidi. Msiende na mapanga, hata yale ya kufyekea nyasi. Nimewahi kutetea kikundi ambacho panga moja la kufyekea lilikigharimu mashtaka matatu zaidi.

Kwa maskwota nitasema kwa ufupi. Huko Pwani sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilifanya ardhi ya yeyote asiyejitokeza kudai ihesabiwe kuwa ya Serikali, na wajukuu wa wasiojitokeza ndio wanaoitwa wavamizi leo. Anayekaa katika ardhi ya kibinafsi waziwazi, bila ruhusa na bila kusumbuliwa, kwa miaka 12, aweza kuiomba korti imtangaze kuwa mwenyewe. Mahakama ya Rufaa iliithibitisha kanuni hiyo katika kesi iliyotoka Pwani mwaka 2015. Kanuni hiyo haifanyi kazi dhidi ya ardhi ya Serikali. Tangu marekebisho ya 2016, Sheria ya Ardhi yataka notisi ya miezi 3 kabla ya kumwondoa mtu. Na mwezi Januari 2021, katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu ilisema kwamba watu wasio na ardhi waliokaa katika ardhi ya umma wana haki ya makazi inayolindwa, hata kama hawana hatimiliki. Basi mtu akija na gari la polisi na karatasi ya mashtaka badala ya notisi, mjue kwamba anajaribu kuruka hatua.

Narudi kwa mama yetu. Miezi minane baada ya kulipa zile shilingi 500 alifungua kesi ya ardhi kupinga mauzo, na ndipo wakili wa mnunuzi alipotoa nakala ya hukumu. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 47A, yasema kwamba hukumu ya jinai ikishapita muda wa rufaa ni ushahidi wa mwisho kwamba aliyehukumiwa alikuwa na hatia. Kwa maneno mengine, mama alikuwa amekwisha kukubali mbele ya hakimu kwamba aliingia ardhi ya mtu mwingine. Muda wa kukata rufaa ni siku 14. Na kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai chamnyima rufaa aliyekiri kosa, isipokuwa juu ya adhabu.

Lakini je, alikiri? Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama zetu zinaufuata hadi leo. Shtaka lisomwe na kila sehemu ya kosa ielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Kisha habari za tukio zisomwe, naye aulizwe kama anazikubali. Akiongeza neno lolote linaloonyesha kwamba ana utetezi, hakimu abadilishe na kuandika kwamba amekana. "Ningelima wapi kwingine?" ni utetezi. Ni kifungu cha 8 kizima kwa maneno matatu ya mwanamke ambaye hakuwahi kukisoma. Tuliomba ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda, Mahakama Kuu ikaturuhusu, na jaji alipoliona jibu hilo katika kumbukumbu ya hakimu, ambaye namshukuru kwa kuliandika kama lilivyotamkwa, aliifuta hukumu.

Kwa hiyo mtu wenu akisimamishwa kizimbani kwa kosa hili, mwambieni asiseme "ni kweli" akanyamaza. Aseme sentensi yote: niliingia, ni kwetu, tangu lini, kwa sababu gani. Aombe mkalimani, ibara ya 50 inampa bila malipo. Asiharakie kulipa faini eti kwa kuwa ni ndogo. Nanyi mlioko nje ya korti, andikeni tarehe ya hukumu, mhesabu siku 14 kwa vidole.

Kesi ya shamba la mama bado inasikilizwa. Jembe alirudishiwa, na mara ya mwisho nilipomtembelea lilikuwa bado lina kibandiko cha karatasi mpinini, kielelezo nambari 1. Alikataa kukibandua.

Naona chai iko tayari. Wale wenye hati za mashtaka mifukoni, na nimekwisha kuwaona watatu, tukutane kwenye ile meza ya nyuma, mje nazo.